Dar–Lushoto–Moshi au Dar–Iringa–Matema kwa pikipiki mwezi wa 11, ipi inalipa?

Mtembezi wa Mbagala
Wakuu habari za mchana. Mimi na rafiki yangu tumebahatika likizo kuangukia wakati mmoja, wiki ya pili ya mwezi wa 11, na safari hii hatupandi basi, tunatoka na pikipiki. Mimi nina Boxer BM150, mwenzangu ana Honda XR 250. Tuna siku kama kumi hivi, hatuna haraka, ni kutembea tu, kula, kuona nchi. Sasa tumegawanyika. Yeye anataka kaskazini: Segera, Mombo, tupande Lushoto tukae kidogo, tushuke Same mpaka Moshi alafu turudi. Mimi nataka kusini: Moro, Mikumi, Iringa, Mbeya, Tukuyu mpaka ziwani Matema. Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 550, mpaka Matema inagonga elfu moja kwenda tu. Hofu yetu kubwa ni mvua maana huu mwezi haueleweki, asubuhi jua, mchana gharika. Naomba uzoefu, sio kukatishwa tamaa, hiyo nimeshapewa ya kutosha na waifu. Nawasilisha.

Kipusa_MC
Kaskazini. Imeisha hiyo.

Mzee wa Chalinze
Mkuu umeanzia kwenye kilomita, wakati mwezi wa 11 cha kuangalia ni mvua inanyesha wapi. Nchi hii haina kalenda moja ya mvua. Dar, Pwani, Tanga, Kilimanjaro na Arusha wana vuli, Oktoba mpaka Desemba, kwahiyo wiki ya pili ya Novemba mnaingia katikati yake kabisa. Iringa, Njombe na Mbeya hawana vuli, wana msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba kuelekea Desemba na kwenda hadi Aprili, na mara nyingi wiki hizo ndo kwanza mawingu yanajikusanya. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wenyewe wanatoa utabiri mbili tofauti, wa vuli na wa msimu, soma zote. Kwa hesabu hiyo ukienda kusini unaiacha mvua nyuma Morogoro, ukienda kaskazini unatembea nayo. Ingekuwa Januari ningekwambia kinyume, kusini kunakuwa hakufai na kaskazini kumekauka.

Dada wa Gia
Mzee yuko sahihi kwenye kalenda lakini mnaisema vuli utadhani inanyesha kutwa nzima. Vuli ni ya vipande, unapigwa saa moja, jua linatoka, nguo zinakaukia mwilini unaendelea. Na njia ya kaskazini haijalowa yote, ukishapita Mombo kwenda Same na Mwanga milima ya Upare inazuia mvua, pale kukavu karibu mwaka mzima, tatizo ni upepo wa ubavuni, Boxer ikiwa na begi kubwa nyuma utahisi inasukumwa. Mvua ya ukweli mtaikuta Segera, Korogwe na kule juu Usambara.

Sasa Lushoto. Mombo unaiacha ikiwa na joto la kuvua koti, kupanda ni kama kilomita 33 za lami na kona hazihesabiki, ukifika Soni tayari unatafuta glovu na ukungu umeshaanza kukatiza barabara. Kupanda hakuna shida, gia ya pili na ya tatu basi. Ikishanyesha angalieni mawe, ule ukuta wa mlima huwa unashusha vifusi barabarani na unaweza kukuta jiwe limekaa katikati ya kona. Usifuate basi nyuma kwa karibu, basi litalipita juu jiwe wewe hulioni. Na mkiwa na hamu ya kwenda mbele mpaka Mtae mkaone nyika ya chini, kuna vipande vya udongo mwekundu, mvua ikinyesha asubuhi ahirisheni, kaeni Irente mle matunda.

Mtembezi wa Mbagala
Dada umenichanganya, nilikuwa nimeshashinda kesi hapa nyumbani kwa rafiki 😂

Nduthi_254
Niaje wasee. Mimi niko Voi, Kenya, na ningewaongezea option ya tatu. Mkifika Moshi msirudi na njia ileile, vukeni Holili muingie Taveta, hiyo barabara mpaka Mwatate na Voi ni lami safi, halafu mshuke Mombasa, ferry ya Likoni, Lunga Lunga, Horohoro, mko Tanga. Inakuwa mzunguko mzima, hamrudii mahali. Bima ya COMESA, ile ya kuvuka nchi, muichukue mapema na kadi ya pikipiki iwe kwa jina la mwenye anaendesha, mpakani ndiyo wanauliza kwanza. Mvua ya Novemba huku Pwani pia iko, siwezi danganya.

Mzee wa Chalinze
Mzunguko mzuri sana huo ila kwa siku kumi na mvua, foleni ya mpaka mara mbili itawala muda. Wauweke Februari.

Ndaga_fijo
Nimesoma kimya nikasubiri mtu awaambie ukweli wa kwetu, naona hakuna. Mimi ni wa Tukuyu. Hiyo hesabu ya mzee ni sahihi mpaka Mbeya mjini. Rungwe ina sheria zake, tunapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mvua yetu haisomi kalenda ya mtu. Novemba inaweza kuwa kavu wiki nzima au ikanyesha kila saa tisa mchana kama imeajiriwa. Kwahiyo Uyole mpaka Tukuyu pitieni asubuhi, sio asubuhi sana, ngojeni saa tatu. Pale Isyonje ni juu kabisa, zaidi ya mita 2,000, ukungu wa alfajiri ni wa kutoona taa ya nyuma ya mwenzio na malori ya Malawi yanakuja. Baada ya hapo mnashuka kwenye chai na migomba, baridi inapungua kidogo kidogo, na mkifika Kyela mko kama mita 500 tu, joto na unyevunyevu, mnavua kila kitu. Hizo zote ndani ya safari ya saa mbili tatu. Ndo maana nasema tatizo la njia hii ni nguo kuliko mvua, asubuhi moja utatamani blanketi na mchana wake utatamani vesti.

Mkiweza fikeni Matema Ijumaa, Jumamosi kuna soko la vyungu pale Lyulilo, Wakisi wanavileta kwa mitumbwi. Ila kubeba chungu kwenye Boxer mpaka Mbagala sitaki kuwa shahidi.

Kipusa_MC
Mimi nilisema kaskazini kwasababu ya Dar mpaka Moro, ile barabara na pikipiki ni kujitafutia. Malori, mizani ya Vigwaza foleni, mabasi yanakuovateki yakikupigia honi usogee kwenye vumbi. Kama mnataka kusini tafuteni lori la kwenda Iringa lipakie pikipiki mbili, nyie pandeni basi, muanzie safari Iringa.

Dada wa Gia
Kipusa na kaskazini mpaka Chalinze si ni barabara hiyohiyo? 🤔

Kipusa_MC
Aah. Basi sawa.

Mzee wa Chalinze
Mimi nakaa hapahapa na wala sitishiki na hiyo barabara, siri yake ni muda. Tokeni Mbagala saa kumi na moja alfajiri, saa mbili mmeshapita Chalinze mnakunywa supu. Mikumi msiingie kabla hakujapambazuka vizuri wala jioni, barabara kuu inakatiza hifadhi kama kilomita 50 na tembo hajui kwamba una haki ya njia. Twiga unamuona, nyati kwenye majani humuoni. Na ule ubao wa faini za kugonga wanyama usomeni mkipita, ni bei za kukutoa machozi. Hamna kusimama kupiga picha, mko wazi nyie hamko kwenye gari.

Mlima Kitonga sasa. Watu wanaogopa kupanda, mimi naogopa kushuka, yaani mkirudi. Malori yanashuka breki zimechemka unazinusa kabla hujaliona lenyewe, na kwenye kona huwa kuna dizeli imemwagika. Matone ya kwanza yakidondoka pale, ile robo saa ya mwanzo ndo mbaya kuliko mvua yenyewe maana oili na vumbi vinaelea juu ya lami, ikishanyesha ikaosha tairi linashika tena. Kwahiyo mkiona wingu jeusi mkiwa Ilula, kaeni hapo kwenye nyanya mle mahindi, ishuke kwanza, iishe, ndo mteremke. Kule bondeni Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na mibuyu joto litawakausha.

Fundi wa Kibaha
Naona mnabishana njia wakati hamjamuuliza jamaa hali ya chombo. Boxer inafika Matema bila wasiwasi wowote, zinabeba magunia ya mkaa kila siku, sembuse mtu mmoja na begi. Ila breki zake ni dramu, huwezi kushuka Lushoto au Kitonga umekanyaga breki ya nyuma mwanzo mwisho, shuu zinachemka zinakuwa laini, ukihitaji kweli hazipo. Shuka na gia uliyopandia, gusa breki achia, gusa achia. Na ukipita kwenye dimbwi refu kausha breki kwa kuigusa kidogo ukiwa unatembea.

Kabla ya kutoka badili oili, cheni na sproketi ukiona zimekaa meno ya papa badili zote sio cheni peke yake, tairi la nyuma lisiwe kipara maana kwenye mvua ndo utajua. Beba tyubu mbili, waya wa klachi, plagi, taya liva, pampu, spana za saizi zako. Waya wa klachi mpya upitishe kabisa pembeni ya ule wa zamani, ukikatika porini unabadilisha upande mmoja tu na mwingine dakika tano. Mafuta ya cheni msisahau, mvua inaosha cheni siku moja tu inaanza kulia. Ukifika Mbeya utaona Boxer imekuwa nzito, sio ugonjwa, hewa ya juu ni nyepesi kabureta inazidisha mafuta, usimruhusu fundi wa njiani akufungue kabureta, ukishuka Kyela inarudi yenyewe.

XR ya mwenzio sehemu zake kule barabarani ni ngumu kupata. Vya XR vibebwe kutoka Dar, vya Boxer utavikuta mpaka kijijini.

Dada wa Gia
Na nguo jamani, Ndaga kagusia tu. Reinkoti iwe mbili, koti na suruali, sio lile shuka la kuvaa kichwani linapepea linaingia kwenye tairi. Suruali ya mvua ivaliwe NJE ya gambuti, wengi wanachomeka ndani alafu maji yote ya mapajani yanashukia humo, unaendesha na ndoo mbili miguuni. Zamani tulikuwa tunavaa rambo, mifuko ya plastiki, juu ya soksi, tangu 2019 zimepigwa marufuku, tafuteni nailoni ngumu ya fundi wa magodoro mkate mshone. Glovu za kitambaa, juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo namba kubwa, utachekwa lakini vidole vitakuwa vinasikia klachi. Na pale Makambako na Mafinga fanyeni kama boda wa kule, jaketi la pili livaliwe kinyume, zipu mgongoni, upepo hauingii kifuani.

Mzee wa Chalinze
Lingine ambalo huwa halisemwi, 250 na 150 barabara moja. Mwenye 250 atachoka kukusubiri siku ya pili tu, ataanza kuondoka, na wewe utaanza kuibana Boxer mpaka inalia. Mkubaliane kabla hamjatoka: wa 150 anatangulia siku zote, wa nyuma ndo ana kazi ya kuangalia mbele na kuona mwenzie kama yuko salama. Mkipotezana, anayetangulia anasimama sheli ya kwanza ya mji unaofuata, hakuna kupigiana simu mkiwa mnaendesha. Na mvua ikianza, anayetaka kusimama ndo mwenye kauli, hata kama mwingine anaona ni manyunyu. Nimeona marafiki wamerudi hawaongei kwasababu ya hilo tu.

Nduthi_254
Hiyo ya mwisho hata bibi na bwana waambiwe.

Mtembezi wa Mbagala
Wakuu nimekaa na mwenzangu jana usiku tumesoma uzi wote. Tunaenda kusini, kilichomgeuza sio mimi ni hiyo kalenda ya vuli na msimu, alikuwa hajui. Lushoto tumeiweka Januari au Februari na tukipata pesa tutaunganisha ule mzunguko wa Taveta. Mgawanyo: siku ya kwanza Moro tu, hatujiumizi, ya pili Iringa tukipanda Kitonga mchana, alafu Mbeya, tunalala pale mpaka tuone Isyonje inasemaje. Kitulo tumeiacha, kuna mtu kaniambia PM tupande na ile barabara ya kona Hamsini na Saba pale Chimala, nimeangalia picha zile kona nikafunga simu.

Swali la mwisho, keria ya Boxer ya kiwandani inabeba begi la kilo 15 bila kuchomelea?

Fundi wa Kibaha
Inabeba, ila zile nati zinalegea kwa matuta na rasta, weka spring washa na uzikaze kila jioni. Begi lifunge kwa mipira ya tyubu, hizo kamba za ndoano zinafyatuka. Vizito viwe chini na karibu na wewe, sio mwisho wa keria, pua itakuwa nyepesi kwenye mlima.

Ndaga_fijo
Umefanya vizuri kuiacha Hamsini na Saba, ikinyesha hata sisi wenyewe tunashuka tunakokota. Mkifika Tukuyu nistueni.

Kipusa_MC
Nafasi ya mtu wa tatu ipo? Nina TVS 125.

Mtembezi wa Mbagala
Ipo, ila utatangulia wewe.