Koha chuoni: bodi inauliza mfumo wa bure ukianguka atawajibika nani

MkutubiIringa:
Wakuu, habari za jioni. Natunza maktaba ya chuo kimoja huku Iringa. Mfumo wetu tunaulipia leseni kila mwaka kwa dola, na kila shilingi ikishuka ada inatuelemea zaidi. Nimependekeza tuhamie Koha, programu huria ya kuendesha maktaba isiyolipiwa leseni. Mkuu wa chuo kanielewa, ila mhasibu kanibana mbele ya bodi: "Kitu cha bure kikianguka tutamdai nani?" Mjumbe mwingine anasema msimbo wa programu huria, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo wezi wanaingia kirahisi. Kikao kijacho natakiwa nipeleke andiko la hatari na jinsi ya kuzidhibiti. Mliopita njia hii, hatari za kweli ni zipi?

FundiSeva:
Ndugu mkutubi, hiyo ndiyo kazi yangu, natunza Koha za vyuo kadhaa. Nianze na mhasibu, maana swali lake ni la haki. Mwombe afungue mkataba wa mfumo mlio nao sasa asome kipengele cha ukomo wa dhima. Mikataba mingi ya programu za kulipia humwondolea muuzaji hasara zote, au humbana kwenye kiasi cha ada mliyolipa tu. Huenda hata leo hamna wa kumdai. Bodi ingeuliza nani atapokea simu Jumatatu asubuhi, wanafunzi wamejipanga kaunta na mfumo haufunguki.

Wakiuliza kama mradi unaweza kufa, wasimulie haya. Koha ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000. Baadaye LibLime, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikihudumia maktaba nyingi, ikaachana na wenzake na kushika toleo lake, na mwaka 2011 ukazuka mgogoro juu ya jina lenyewe la Koha huko New Zealand. Koha haikufa. Leseni yake ya GPL, inayoruhusu yeyote kutumia, kubadilisha na kusambaza programu, iliuacha msimbo mikononi mwa wote, waliobaki wakaendelea nao, na toleo jipya hutoka kila Mei na Novemba. Kinga hiyo muuzaji wa msimbo uliofungwa hawezi kukupa.

Hatari ya kweli, na inaniuma kila nikiikuta, ni mfumo usio na mwenyewe. Niliwahi kuitwa chuo kimoja ambako Koha iliwekwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo. Kazi yake ilikuwa safi kabisa. Alipomaliza muda wake akaondoka na nenosiri la seva kichwani. Seva ilikuwa kompyuta ya mezani chini ya kaunta ya kuazimia, haijasasishwa tangu aiwashe. Koha ikiwekwa kwenye Debian, mfumo endeshi huria wa seva, hujitengenezea nakala rudufu kila usiku, kwa hiyo wote waliamini wako salama. Lakini nakala hizo hukaa kwenye folda ya /var/spool/koha, kwenye diski ileile, na za zamani hufutwa baada ya siku chache. Diski ilipokufa, ilikufa na nakala zake. Wakutubi wakakaa na rejista ya vitabu, ukurasa kwa ukurasa, wakiingiza upya kitabu kimoja kimoja. Kumbukumbu za nani kaazima nini hazikurudi.

Kwa hiyo usiiambie bodi kwamba ada yote ya leseni imeokolewa. Sehemu yake iombee fungu la kudumu: watu wawili wanaoujua mfumo, wala si mmoja, mkataba na fundi wa nje, na nakala inayotoka nje ya jengo kila usiku. Kila muhula irudisheni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, mtafute kitabu mnachokijua, mkiazimishe. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu kuwa ipo.

BintiTehama:
Naongezea la usalama. Mwaka 2017 Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia tundu la Apache Struts, programu huria ya kujengea tovuti. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetolewa tangu Machi, wizi ukaanza Mei. Kilichowaponza ni kutosasisha. Machi 2024 nako kuligundulika mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili, uliopachikwa na mtu aliyejenga imani kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde, akafukua mpaka akaukuta. Aliweza kwa sababu msimbo uko wazi.

Kwenye andiko lako orodhesha kila kilichomo kwenye seva, yaani Koha, Debian, MariaDB (hifadhidata) na Apache (programu ya seva ya wavuti), kisha taja cheo cha anayesoma matangazo ya usalama ya kila kimoja. Na kumbuka majina na simu za wasomaji zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Upande wa watumishi wa Koha, yaani kurasa wanazofanyia kazi wakutubi, usiuache wazi kwenye intaneti.

MkutubiIringa:
Asanteni sana, hapa nimepata cha kuandika. Kijana wetu wa TEHAMA anataka abadilishe msimbo ili risiti za faini zifanane na za uhasibu. Nimruhusu?

FundiSeva:
Asiguse msimbo. Risiti na notisi hubadilishwa ndani ya Koha yenyewe, kwenye zana zake. Akihariri mafaili, sasisho lijalo litafuta kazi yake, na baada ya hapo mtakuwa mnaogopa kusasisha, na kutosasisha ndiko alikoonya BintiTehama. Kama kuna jambo haliwezekani humo, lipelekeni kwa jumuiya liingizwe kwenye Koha ya wote.

Jingine la haraka: kabla hamjamwandikia muuzaji wa sasa barua ya kusitisha, toeni kumbukumbu zote za vitabu kwa muundo wa MARC, ambao mifumo ya maktaba huutumia kubadilishana rekodi, mziingize kwenye Koha ya majaribio, mkague rekodi mia hivi kwa macho, hasa namba za rafu na misimbo pau. Mkataba ukishavunjwa, kumpata wa kuwatolea data ni kazi. Kikao ni lini?