Kesi ya talaka: nani anaruhusiwa kusoma karatasi zangu?

BintiLikoni: Hamjambo. Niko na kesi ya talaka hapa Mombasa. Mume wangu ameapa hati ya kiapo na kuambatanisha barua yangu ya hospitali pamoja na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima. Mawifi zangu wana marafiki kila ofisi. Watu baki wanaweza kwenda masijala wakapekua faili? Na hukumu ikiwekwa Kenya Law, ule mtandao wa hukumu za korti, jina langu si litatokea Google? Naambiwa ninyamaze. Sitaki.

Mzee wa Kizingo: Pole mwanangu. Tofautisha faili na hukumu. Inayopandishwa mtandaoni ni hukumu, vielelezo, yaani karatasi zilizoambatanishwa, hubaki kwenye faili la korti. Katiba kifungu cha 50(1) inataka kesi isikilizwe hadharani, lakini 50(8) inaipa korti nafasi ya kuwatoa watu na waandishi, kwa mfano kulinda shahidi au maadili. Kwa hiyo unaomba, hupewi hivi hivi.

Karani mstaafu: Kwa majina, omba hukumu iwataje kwa herufi za mwanzo tu. Angalia kesi ya PNN v ZWN, Mahakama ya Rufani, 2017. Kila wakili wa mali ya ndoa anaitaja, na walioshtakiana wamebaki herufi tu. Lakini ombi liingie mapema, dada. Hukumu ikishatoka na majina, itazunguka WhatsApp kabla msajili hajafungua barua yako.

Mwanasheria Kilifi: Hiyo barua ya hospitali inahusiana vipi na talaka? Kama haihusiani, Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 19, kanuni ya 6, zinaruhusu korti kufuta kwenye kiapo jambo la kashfa, lisilohusika au la kuonea. Aliipataje, kwanza?

BintiLikoni: Aliitoa kwenye mkoba wangu. Ni ya mimba iliyoharibika kabla hatujaoana.

Mwanasheria Kilifi: Basi wakili wako aidake hiyo, na kifungu cha 31 cha Katiba, cha faragha, akiweke mbele. M-Pesa usiipiganie sana: ukidai matunzo, mapato yako yataulizwa tu. Omba namba na majina ya watu wengine yazibwe kwa wino mweusi, basi.

BintiLikoni: Na watoto?

Mzee wa Kizingo: Hao Sheria ya Watoto ya 2022 inawalinda, utambulisho wao hautangazwi. Wewe kimbizana na ombi la herufi kabla ya tarehe ya kutajwa kwa kesi.