Kompyuta mpakato 12, wanafunzi 115: naombeni ushauri wa kuzigawana

Chaki na Kipanya (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nafundisha Hisabati shule ya kata, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa pia somo la kompyuta. Tulipewa kompyuta mpakato 14 zilizotumika, mbili zimeshakufa, zimebaki 12. Kidato cha kwanza wako 61, cha pili 54. Kila kidato kina vipindi viwili mfululizo kwa wiki, yaani dakika 80.

Nimekuwa nikiwakalisha wanne wanne au watano kwa mashine moja. Kinachotokea ni kwamba yule ambaye nyumbani kwao kuna kompyuta anashika kibodi mwanzo hadi mwisho. Wengine wanachungulia mabegani mwake, na wasichana wengi wanaishia nyuma kabisa. Juzi niliwaita mmoja mmoja wahifadhi faili kwenye folda. Wengi hawakuweza, na somo hilo tulikuwa tumelifanya wiki tatu.

Betri nusu yake hazimalizi dakika 20, darasa lina soketi nne, na umeme wetu mnaujua. Halafu walimu wenzangu wanaazima mashine kujazia matokeo, inarudi bila chaja. Inaniuma kuona mtoto anafika kidato cha tatu hajashika kipanya kwa mkono wake. Wenye uzoefu naombeni msaada.

Mama Darasa

Pole mwalimu, na hongera kwa kuwaita mmoja mmoja, maana wengi hatupimi hivyo.

Jaribu utaratibu wa dereva na konda. Gawa kidato cha pili nusu kwa nusu, 27 na 27. Nusu moja inakaa kwenye mashine: tisa ziwe na wawili wawili, tatu ziwe na watatu. Anayeshika kibodi ni dereva, na dereva haamui njia. Konda ndiye anayesema "fungua faili mpya, andika jina, hifadhi hapa", na haruhusiwi kugusa chochote. Kila baada ya dakika nane gonga meza, wabadilishane. Yule fundi wa darasa aanze kuwa konda. Atalazimika kueleza kwa maneno kile ambacho vidole vyake vimezoea kukifanya, na yule mgeni ndiye atakayebonyeza.

Nusu ya pili isikae bure. Wape kazi ya karatasi ambayo dakika 40 zijazo wataiingiza kwenye mashine. Kama ni jedwali la alama, walichore kwenye daftari, waandike fomula ya wastani kwa kalamu, wakokotoe jibu kwa mkono. Wakifika kwenye kibodi hawaanzi kufikiri waandike nini, na mashine ikileta jibu tofauti na la daftari wanajua kuna kosa la kutafuta. Mimi nimeona somo likikaa kichwani zaidi kwa njia hii.

Hesabu Haidanganyi

Naunga mkono ya Mama Darasa, ila mwalimu wewe ni mtu wa Hisabati, tupige hesabu. Mashine 12 kwa dakika 80 ni dakika 960. Gawa kwa watoto 54, kila mmoja anapata chini ya dakika 18 za kibodi kwa wiki. Uwagawe nusu kwa nusu au uwakalishe watano watano, jumla ni ileile. Mpangilio mzuri unahakikisha mgawanyo wa haki tu, hauongezi dakika hata moja.

Sasa angalia upande wa pili. Kama shule yenu ina vipindi 8 kwa siku, wiki nzima ni dakika 1,600. Mashine zako zinafanya kazi dakika 160 tu, kidato cha kwanza na cha pili pamoja. Sehemu tisa kati ya kumi za wiki ya masomo ziko kabatini. Uchache wa mashine ni kweli, lakini kufuli ndilo linalokula muda mwingi zaidi.

Omba saa moja baada ya vipindi, Jumatatu hadi Alhamisi. Kwa mashine 12, hiyo ni dakika 2,880 mpya za kibodi kwa wiki. Ukizigawa kwa watoto wote 115, kila mmoja anaongezewa dakika 25, zaidi ya zile alizokuwa nazo. Hujanunua kitu.

Chaki na Kipanya

Mkuu, hapo kwenye kufuli umenigusa. Sikuwahi kupiga hiyo hesabu. Hofu ya mkuu wetu wa shule ni wizi na uharibifu, ndiyo maana funguo anakaa nazo mwenyewe.

Jirani wa Namanga

Mwalimu, mimi niko upande wa Kenya. Mpango wa serikali wa kupeleka tableti kwa watoto wa darasa la kwanza ulipoanza 2016, shule niliyokuwa nikifundisha zilifungiwa stoo kwa hofu hiyohiyo. Tulipokuja kuzitoa, nyingine betri zilikuwa zimekufa kwa kukaa bila chaji. Hazikuibwa, na hazikumfundisha mtoto yeyote.

Kilichotusaidia baadaye ni namba. Kila kifaa namba, kila mwanafunzi anajua namba yake, na daftari la kusaini kuchukua na kurudisha. Mtoto akijua namba 7 ni yake na ya wenzake wanne wanaojulikana, anaiangalia kabla ya kukaa na kuripoti kitufe kilichong'oka. Chaja nayo iandikwe namba hiyohiyo. Mpelekee mkuu daftari hilo likiwa tayari limechorwa mistari, usimpelekee ombi la mdomo.

Fundi wa Mtaani

Nije kwenye umeme. Usihangaike kununulia mashine zote betri. Zenye betri mbovu nyingi zinawaka vizuri zikichomekwa moja kwa moja, kwa hiyo zipange ukutani karibu na soketi na zisihame. Zenye betri nzima ndizo ziende katikati ya darasa. Umeme ukikatika hizo zinaendelea, na watoto wa ukutani wanahamia kwenye kazi ya karatasi.

Chaja nyingi ni za wati 65 hivi, kumi na mbili ni wati 780. Kwa soketi ya ampea 13 si mzigo mkubwa, hatari iko kwenye ekstensheni za bei rahisi zenye waya mwembamba. Ishike kwa mkono baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, iondoe. Betri yoyote iliyovimba itolewe siku hiyohiyo, usisubiri wiki iishe. Likizo ikifika ziache na chaji kama nusu, zisilale tupu.

Zile mbili zilizokufa usizitupe. Ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), kibodi na kioo chake vinaweza kufufua nyingine za aina hiyohiyo. Zilizo nzito kuwaka weka Linux nyepesi, mfumo endeshi badala ya Windows, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, vyote ni bure, na virusi vingi vya kwenye flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Wanafunzi wapewe akaunti isiyoweza kusakinisha kitu.

Mtaaluma

Kuhusu walimu kuazima: tenga mashine moja iwe ya ofisi ya walimu, ijulikane hivyo, na 11 zisivuke mlango wa darasa. Hesabu ya watoto itapungua kidogo, ila utaacha kugombana na wenzako kila msimu wa matokeo.

Na kama hamna bando, tafuta programu ya masomo iitwayo Kolibri. Inasakinishwa kwenye mashine yako, unapakua masomo mara moja ukiwa mjini. Shuleni unawasha ruta yoyote hata isiyo na intaneti, na mashine nyingine zinafungua masomo kupitia kivinjari. Ina Kiswahili. Kiwix nayo inabeba Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye flashi ya kawaida. Hapo hata mwalimu wa Biolojia ataomba kipindi, na mashine zitatoka kabatini bila wewe kusukuma.

Chaki na Kipanya

Wakuu, nimerudi. Nilipeleka daftari likiwa na mistari pamoja na ile hesabu ya 160 kwa 1,600. Mkuu aliisoma mara mbili, kisha akauliza nani atakuwepo saa hiyo ya jioni. Tumekubaliana mimi siku mbili, mwalimu wa Fizikia siku mbili, na viranja wanne wa kusainisha. Tunajaribu muhula huu.

Dereva na konda nimeanza Jumanne. Kelele zilikuwa nyingi, ila msichana mmoja ambaye sijawahi kumsikia sauti alimwambia mwenzake "toa mkono, mimi ndiye dereva". Nimefurahi sana.

Limebaki kabati. Seremala anauliza kila tundu liwe na upana gani, na chaja zikae wapi.

Fundi wa Mtaani

Mwalimu, pima ile nene kuliko zote, uongeze vidole viwili ili hewa ipite. Zisimame wima kama vitabu. Chaja zibaki nje, nyuma ya kabati, kila moja na tundu la kupitisha waya wake tu. Mgongo wa kabati asizibe kwa mbao, apige wavu. Na mwambie komeo aweke mbili, funguo moja iwe kwa mkuu na nyingine kwako.