Desemba na watoto watatu: hoteli ya malipo ya mkupuo inatufaa, au tunatupa hela?

Mama Watatu (Tabata): Jamani naombeni mawazo ya kweli. Tumedunduliza hela ya likizo ya Desemba. Watoto wana miaka 11, 7 na 3. Kuna hoteli ya ufukweni Unguja, upande wa Kiwengwa, unalipa mkupuo mmoja: kulala, milo yote, vinywaji, michezo ya watoto. Ukifika unavishwa bangili, pochi unaisahau. Baba watoto anasema hela hiyo inatupeleka Kigamboni mara nne na ada ya Januari inabaki. Mimi nimechoka kupika, nasema wazi.

Mzee wa Pantoni: Baba watoto yuko sahihi. Bahari ni hii hii. Nendeni Kunduchi, pandeni boti hadi Mbudya, kuleni samaki na chipsi, jioni mko nyumbani.

Binti wa Makunduchi: Mzee, shikamoo, lakini bahari si hii hii. Mashariki ya Unguja maji yakipwa yanakimbilia mwambani huko, mnabaki na mchanga na majani. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo kabisa. Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na kidogo. Yakipwa saa nne asubuhi, mtoto ataogelea saa kumi jioni. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali hivyo. Dada, angalia jedwali la maji ndiyo ulipe.

Chalinze Kwetu: Na uulize bei ya wakazi. Usikubali kutajiwa ile ya dola ya wageni. Hesabu na boti ya watu watano, kwenda na kurudi, halafu gari toka bandarini hadi Kiwengwa, karibu saa nzima.

Baba Junior: Sisi tulienda mwaka jana, hoteli siitaji. Mtoto wa miaka 3 bure, wa miaka 8 nusu. Juisi, soda, aiskrimu, hakuna anayekuuliza. Ila pombe za nje, safari ya pomboo na kusingwa unalipa mwenyewe. Tulipumzika haswa, maana dada wa kazi alikuwa bwawani na watoto toka asubuhi, sisi tumelala.

Nuru_K: Dada naye alivaa bangili?

Baba Junior: Tulimlipia kitanda na chai ya asubuhi. Mchana na usiku tulimtolea sahani kwenye bufee. Hakulala njaa hata siku moja.

Nuru_K: Hakulala njaa! Mama yangu alifanya kazi za ndani Upanga miaka 12. Siku moja matajiri wake walimchukua Bagamoyo kushika mtoto. Alirudi na viatu vimejaa mchanga, akakaa kizingitini anavikung'uta, anatusimulia jinsi soda zilivyopangwa kwenye barafu. Yeye hakuonja hata moja. Nilikuwa na miaka tisa, mpaka leo nauona ule mchanga. Wewe umekaa siku nne na binti wa watu, kila mkono una bangili isipokuwa wake, halafu unatuambia mlipumzika.

Baba Junior: Usinihukumu kwa habari za mama yako. Dada yetu ana mwaka wa tano kwetu, tumemsomesha cherehani. Wangapi humu wanampeleka dada hata Coco Beach?

Mzee wa Pantoni: Sasa beki tatu naye awe mgeni wa hoteli? Nani atashika watoto?

Nuru_K: Mzee, kwa heshima zote, neno hilo liache. Ana jina.

Mzee wa Pantoni: Mjini hapa kila mtu analisema. Na wa kwangu ananiita baba.

Wakili wa Mwenge: Mfanyakazi wa ndani ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kushika watoto bwawani toka asubuhi hadi jioni ni kazi. Saa zilizozidi zina malipo yake.

Chalinze Kwetu: Wakili, hapo nani analipa saa za ziada? Tuseme ukweli.

Wakili wa Mwenge: Mimi nalipa.

Baba Junior: Hoteli ilitaka bei kamili ya mtu mzima kwa dada. Kamili! Ningekuwa nayo ningelipa. Mnanisema mimi, waliopanga bei mnawaacha.

Binti wa Makunduchi: Hapo nakuunga mkono. Lakini kama bei haikutosha watano, mngelala siku tatu badala ya nne, wote mkavaa.

Mama Watatu (Tabata): Mimi niliuliza hoteli, jamani. Ila usiku sikulala. Nasi tulipanga kwenda na dada, na kwenye hesabu yangu nimeandika watoto watatu na wazazi wawili, yeye sikumwandika kokote. Leo nimemuuliza kama ameshafika Unguja. Akasema ameiona taa zake tu, usiku mmoja akiwa Bagamoyo, au labda zilikuwa za wavuvi. Nimepiga simu hotelini kuuliza bei ya mtu mzima wa tatu. Baba watoto kasikia, anauliza, wa tatu nani?

Mzee wa Pantoni: Mjibu kwamba Mbudya hakuna bangili.