Katuni za zamani zipi zinastahili toleo la kifahari? Nina nafasi ya diski tatu tu

Kirumba Ziwani (mleta uzi)
Wakuu, habari za Jumapili. Kaka yangu anarudi Mwanza kutoka Uingereza mwezi wa kumi na mbili, amekubali kunibebea diski tatu za katuni, zile za makasha mazuri yenye kijitabu cha michoro ndani. Nimetenga laki tatu. Deki ninayo, Blu-ray ya kawaida, siyo ya 4K, ile ya picha kali zaidi.

Mimi katuni nilizijulia kwenye kanda za video kwa mjomba, Igoma. Kanda zile zote ziliota ukungu, sikuokoa hata moja. Sasa binti yangu ana miaka minane na anaangalia kila kitu kwenye simu, vipande vipande. Nataka awe na filamu zake, za kuzitoa kwenye rafu kwa mkono wake. Nimewaza Snow White ya 1937 na The Lion King ya 1994. Ya tatu sijui. Hata hizo mbili, nikosoeni.

Dereva wa Musoma
The Lion King haina mjadala mkuu. Simba, Rafiki, hakuna matata, hayo ni maneno yetu. Kila nikipita lango la Serengeti pale Ndabaka nawakumbuka wale nyumbu walivyoporomoka bondeni.

Mchora Mabango
Mwangaluka. Nachora mabango hapa Makoroboi, kwa hiyo naongea kama mchoraji. Jiulize kwanza: diski itakuonyesha nini ambacho simu imekuficha?

The Lion King ilipakwa rangi kwenye kompyuta, picha yake ni safi popote utakapoiona. Snow White ni kazi ya mikono. Michoro ya penseli ilihamishiwa kwenye karatasi angavu, ikapakwa rangi kwa nyuma, halafu kila karatasi ikapigwa picha juu ya mandhari ya rangi za maji. Ule msitu kwenye kanda zetu ulikuwa tope tupu! Mwaka 1993 filamu nzima iliingizwa kwenye kompyuta, picha moja moja, ikasafishwa. Hapo hela yako imeenda mahali pake.

Ila usafi nao ukizidi ni hasara. Cinderella ya 1950 ilipotoka kwenye Blu-ray mwaka 2012, wapenzi wake walilalamika kwamba mistari mingine ya wachoraji imefutika pamoja na uchafu. Toleo la 4K la 2023 ndilo lililoirudisha. Kwa hiyo usikimbilie kasha linalong'aa, uliza kwanza picha ilisafishwaje.

Ya tatu chukua The Adventures of Prince Achmed, 1926. Mama mmoja Mjerumani, Lotte Reiniger, alikata vivuli vya karatasi nyeusi kwa mkasi, akavisogeza kidogo kidogo juu ya kioo chenye taa chini yake, karibu miaka mitatu. Katika filamu ndefu za katuni zilizosalia duniani, hakuna ya zamani kuliko hiyo. Na hadithi ni ya Alfu Lela Ulela, yumo hadi farasi anayeruka angani! Haina mazungumzo, ina maandishi machache utakayomsomea mtoto. British Film Institute wameitoa hukohuko Uingereza.

Mama Wawili Buzuruga
Mdogo wangu, umetaja wazungu na simba, mtoto wa Kiafrika yuko wapi? Mchukulie Kirikou, 1998. Aliyeitengeneza ni Michel Ocelot, Mfaransa aliyekulia Guinea, sauti zilirekodiwa Dakar na muziki ni wa Youssou N'Dour. Kitoto kinaongea kikiwa bado tumboni, kinazaliwa na kwenda kuokoa kijiji ambacho chemchemi yake imekauka. Wanangu waliirudia mpaka wakaanza kuigiza uani. Filamu hii inastahili kasha la heshima kuliko nyingi zinazosifiwa humu. Ila kaka yako asome nyuma ya kasha, yasije yakawa maandishi ya Kifaransa peke yake.

Fundi Deki
Diski na deki hufungwa kwa maeneo ya dunia, zisipolingana haichezi. Kwa Blu-ray huna shida, Ulaya na Afrika tupo pamoja kwenye herufi B. DVD ndiyo ya kuogopa: Uingereza ni namba 2, sisi ni 5. Na akikuta kasha la 4K, ahakikishe ndani kuna na Blu-ray ya kawaida, deki yako haitasoma ile nyingine. Kuhusu ukungu, kasha la karatasi hunywa unyevu wa ziwa. Rafu isiguse ukuta.

Kirumba Ziwani
Asanteni sana. Dada, umenigusa. Nimeshamwandikia kaka: Snow White, Achmed, Kirikou.

Dereva wa Musoma
Simba umemwacha kweli?

Kirumba Ziwani
Simba nitamtafuta mwenyewe baadaye mkuu, simsahau. Mchora Mabango, jana nilimsimulia binti habari za yule mama na mkasi wake. Leo ameshakata twiga na mtumbwi kwenye boksi la viatu, anavisogeza mbele ya taa ya chemli ukutani. Jumamosi nitamleta Makoroboi uvione.