Mjadala: Mahitaji ya programu hayajaeleweka, tuanze kujenga au tusubiri?

Mtoa mada: Wakuu, mteja ameandika "mtumiaji aweze kufuta oda." Kabla ya kulipa au baada? Mzigo ukiwa njiani je? Akifuta bidhaa moja kati ya tano, punguzo la jumla linakatwaje? Wapo wanaosema usianze mpaka kila swali lijibiwe na mteja atie sahihi. Napinga. Majibu mengine hata yeye hana mpaka aone kitu kinachofanya kazi. Tenga siku 2, unda mfano unaojibu swali moja tu, kisha uutupe. Ukiubakiza, ndio utakaokuwa mfumo wenyewe.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, kosa la skrini linarekebishika mchana mmoja, la data linakaa. Ukihifadhi "imefutwa: ndiyo/hapana", siku kufuta nusu ya oda kukiruhusiwa, rekodi zote za nyuma hazitasema ni bidhaa ipi iliyofutwa. Taarifa ambayo haikuhifadhiwa huwezi kuizua baadaye. Kwenye data, tusubiri.

Mtoa mada: Au hifadhi tukio lenyewe: nani kafuta, lini, bidhaa ipi, kiasi gani. Hali ya oda utaikokotoa kutoka humo. Parnas, mtaalamu wa programu, alishaeleza mwaka 1972: uamuzi unaoweza kubadilika ufichwe ndani ya moduli moja, yaani sehemu moja ya programu. Kanuni ya kurudisha pesa ikitapakaa sehemu saba, utabadilisha sita na kusahau moja.

Mchangiaji wa 2: Nyote mnazungumzia shaka mnayoiona. Roketi ya Ulaya Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996, ilibeba programu ya uelekezaji iliyotoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia. Namba ya biti 64 ikageuzwa kuwa ya biti 16, nafasi ndogo zaidi. Kasi ya mlalo ya roketi mpya ilikuwa kubwa zaidi, namba haikuenea, na roketi ikaangamia kabla ya dakika moja kwisha. Kwenye Ariane 4 dhana kwamba namba itaenea ilikuwa sahihi kabisa! Kwa hiyo andikeni dhana zote, hata zinazoonekana wazi: ni ipi, nani ataithibitisha, lini, na nini kitavunjika ikiwa si kweli. Kisha wekeni ukaguzi wake ndani ya programu.

Mchangiaji wa 1: Hiyo ya "nani" ndiyo ngumu. Kuhusu mzigo uliokwisha kutoka, mhasibu na mtu wa stoo watakupa majibu mawili tofauti, na kila mmoja yuko sahihi kwa kazi yake. Matukio nitahifadhi, sawa. Kanuni ya kurudisha pesa siiandiki mpaka hao wawili wakae meza moja.