Dawa moja, Wamaasai wa pande mbili za mpaka: nani anatia saini?

Kilele77: Wakuu, tuseme kampuni ya nje inataka kuchunguza magome ya mti wa olkiloriti, yale yanayochemshwa kwenye supu. Imeelewana na kikundi cha Wamaasai wa Kajiado, Kenya, lakini matumizi hayohayo yanajulikana Longido, Tanzania. Saini ya Kajiado inawafunga wa Tanzania? Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inavuka mpaka wa Namanga?

Wakili_Mtandaoni: Haivuki, mkuu. Inaishia mpakani, na saini ya Kajiado haimfungi mtu wa Longido. Ubaya ni kwamba siri ikishamwagika upande mmoja, wa upande wa pili hawana tena cha kuuza. Itifaki ya Swakopmund (2010) ya ARIPO, shirika la hakimiliki bunifu la Afrika, imeligusa hili: jamii za nchi tofauti zenye maarifa yaleyale zisajiliwe zote kuwa wamiliki. Ila inaibana nchi iliyoiridhia tu. Itifaki ya Nagoya, ile ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, kifungu cha 11, inazitaka nchi "zijitahidi" kushirikiana. Kwa neno hilo, nenda kortini uone.

Mzee wa Mikataba: Someni kesi ya hoodia, mmea ambao Wasan huutumia kuzuia njaa. CSIR, taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, iliomba hataza (patent) miaka ya 1990 bila kuwauliza Wasan, ambao wametapakaa hadi Namibia na Botswana. Mkataba wa 2003 uliwapa asilimia 8 ya malipo ya hatua za utafiti na asilimia 6 ya mrabaha (malipo yanayotokana na mauzo). Hapo ndipo wengi hukosea: ni asilimia ya kile kinachoingia CSIR, si ya mauzo dukani! Kwa hiyo swali la kwanza mezani ni "asilimia ya nini?"

Cha kuiga ni mgao wao: asilimia 75 ya mapato ya mfuko wao wa kupokea fedha hizo igawanywe sawa kwa mabaraza ya Wasan ya nchi zote tatu. Cha kuogopa: kampuni zilizokuwa zikiiendeleza hoodia zilijitoa, Pfizer 2003 na Unilever 2008, mrabaha ukabaki ndoto. Daini malipo ya kuanzia, kabla hata gome halijapakiwa.

Kilele77: Na mkataba wa Mei 2024 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu?

Bi Hataza: Unamtaka mwombaji wa hataza ataje rasilimali imetoka nchi gani na ni jamii ipi *iliyotoa* maarifa. Umeona mtego? Atataja Kajiado, basi, na hajavunja kitu. Ndiyo maana Kajiado na Longido waandikiane kwanza: hakuna upande utakaotia saini peke yake, na mgao ni huu.

Kwenye daftari la wazi andikeni mmea, matumizi na jamii zote mbili. Vipimo, michanganyiko na namna ya kuandaa vibaki kwenye sehemu iliyofungwa. Mkivianika mtandaoni, mmevitoa bure. Hataza ya Ulaya ikitolewa, mna miezi 9 tu ya kuweka pingamizi. Wahindi na wenzao wa Ulaya waliiangusha ile ya mwarobaini 2000 kwa ushahidi wa matumizi ya zamani, na rufaa yake ikatupwa 2005. Bila maandishi yenye tarehe, kuthibitisha hivyo kutawawia vigumu.